Namna ya Kutambua na Kurejesha Viambishi vya Jinsia ya Kike katika Kihindi-Kiulaya Mame

Kihindi-Kiulaya Mame ni lugha ambayo hakuna mtu aliyeiandika, na kila umbo linalotajwa kuwa lake limekadiriwa kutokana na lugha zilizozaliwa nayo, kama vile Kisanskriti, Kiyunani, Kilatini, Kigothi, Kilithuania, Kislavoni cha Kanisa, Kiayalandi cha Kale na Kihiti. Ndiyo maana maumbo hayo hutanguliwa na kinyota, kama wanaisimu wa Kibantu wanavyofanya wanapoandika maumbo ya Kibantu Mame, na mbinu yenyewe ni ileile waliyoitumia Carl Meinhof na Malcolm Guthrie katika lugha zetu. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa isimu historia ambaye tayari anafahamu mbinu linganishi kwa jumla, na sasa anataka kujua afanye nini anapokutana na nomino ya kike: kiambishi chake ni kipi, kilikuwa na umbo gani hapo kale, na je, kweli ni cha kale au kilibandikwa baadaye.

Vifaa vinavyohitajika si vingi. Kuwa na kamusi ya etimolojia ya angalau lugha tatu, zikiwemo Kisanskriti na Kiyunani, pamoja na sarufi zinazoonyesha uambishaji wa nomino katika uhusika wote, yaani maumbo inayochukua kulingana na kazi yake katika sentensi, kwa kuwa kamusi ikikupa umbo la kiima (la mtenda) peke yake itakupoteza. Usikubali kufanya kazi hii bila umbo la uhusika milikishi, lile lenye maana ya "-a mtu fulani". Sababu yake itaonekana katika hatua ya tatu.

Hatua ya kwanza: pima upatanisho kabla ya kutazama umbo

Kosa la kawaida ni kuona nomino inayoishia na -a katika Kilatini na papo hapo kuiandikia jinsia ya kike. Jinsia ya kisarufi haikai katika nomino yenyewe, bali huonekana katika maneno yanayopatana nayo, na msomaji wa Kiswahili hapaswi kushangazwa na jambo hilo. Kifaru ana kiambishi cha ngeli ya KI-VI, lakini tunasema "kifaru mkubwa amelala", wala hatusemi "kifaru kikubwa kimelala". Vivyo hivyo Kilatini husema nauta bonus, "baharia mwema", ambapo nomino ina umbo la maneno ya kike ilhali kivumishi ni cha kiume. Na husema alta fagus, ukitajwa mti mrefu wa aina ya fagus, ambapo nomino ina umbo la maneno ya kiume ilhali kivumishi ni cha kike. Kiyunani kina hē hodos, "njia", chenye kibainishi cha kike na mwisho wa -os.

Kwa hiyo andika safu mbili. Katika safu ya kwanza weka jinsia kama inavyothibitishwa na kivumishi, kibainishi au kiwakilishi. Katika safu ya pili weka umbo la nomino. Ukifanya hivyo kwa maneno ya undugu, utaona haraka kwamba maneno ya kale kabisa ya wanawake hayana kiambishi cha kike hata kidogo. *Méh₂tēr "mama" na *dʰugh₂tḗr "binti" huambishwa sawasawa na *ph₂tḗr "baba" na *bʰréh₂tēr "ndugu wa kiume". Hakuna kitu katika umbo lao kinachowatenga wanawake na wanaume; ni maana tu, na baadaye upatanisho.

Neno linalofundisha zaidi katika hatua hii ni lile la mkaza mwana, yaani mke wa mtoto wa kiume. Kiyunani kina nuos, Kilatini kina nurus, na Kiarmenia kina nu, na yote matatu yanatuelekeza kwenye *snusós, neno la kike lililoambishwa kama neno lolote la kiume lenye -os. Kisanskriti, hata hivyo, kina snuṣā́, na Kislavoni cha Kanisa kina snŭxa, yaani yana mwisho wa kike ulio wazi. Je, ni kundi lipi lililohifadhi hali ya kale? Jibu linatokana na kanuni ambayo inafaa ikae kichwani mwa kila anayefanya kazi hii: ni rahisi kueleza kwa nini watu walimbandika mkaza mwana kiambishi cha kike pale ambapo hakikuwepo, na ni vigumu sana kueleza kwa nini lugha tatu zilizo mbalimbali zingekiondoa. Umbo lisilo la kawaida ndilo lenye nguvu ya ushahidi.

Hatua ya pili: rudisha laringali

Baada ya kutenga nomino ambazo kweli zina kiambishi, kazi inayofuata ni kukirudisha kiambishi hicho katika sauti zake za awali. Vitabu vya karne ya 19 huandika *-ā, *-ī na *-ū, na maumbo hayo hayakuwa mabaya kwa wakati wake. Lakini leo tunaandika *-eh₂, *-ih₂ na *-uh₂, na tofauti hiyo si ya mapambo.

Mwaka 1879 mwanaisimu Ferdinand de Saussure, akiwa bado kijana sana, alitoa hoja kwamba irabu ndefu za lugha mame zilitokana na irabu fupi iliyofuatwa na sauti fulani ambayo baadaye ilipotea kila mahali. Hakuwa na lugha yoyote iliyohifadhi sauti hiyo. Alifikia uamuzi wake kwa mpangilio wa maumbo peke yake. Bedřich Hrozný alipofumbua Kihiti mwaka 1915, Saussure alikuwa ameshafariki miaka miwili kabla, na ilipofika mwaka 1927 Jerzy Kuryłowicz akaonyesha kwamba Kihiti kina sauti iandikwayo ḫ mahali pengi ambapo Saussure alikuwa ameweka sauti zake zilizopotea. Sauti hizo ndizo tunazoziita laringali, na ile inayohusika na jinsia ya kike ni ya pili, *h₂, ambayo huigeuza *e iliyo jirani yake kuwa *a na, inapopotea baada ya irabu, huirefusha.

Fuata mabadiliko haya kwa mpangilio. *-eh₂ huwa -ā katika Kisanskriti. Katika Kiyunani huwa -ā, ambayo lahaja za Ionia huigeuza kuwa -ē, na Atiki nayo hufanya hivyo isipokuwa baada ya e, i na r. Kilatini kimeifupisha kuwa -a katika kiima cha umoja, Kilithuania na Kislavoni huwa na -a, na Kigothi huonyesha -o katika neno la silabi moja na -a katika maneno marefu. Jaribu kwa kiwakilishi *so, *seh₂, *tod, "yule, ile": Kisanskriti kina sá, sā́, tád; Kiyunani kina ho, hē, to; Kigothi kina sa, so, þata. Kisha jaribu kwa kivumishi *néwos, *néweh₂, *néwom, "-pya": Kilatini kina novus, nova, novum, Kiyunani kina neos, nea, neon, Kisanskriti kina návas, návā, návam, Kislavoni kina novŭ, nova, novo. Ulinganifu wa namna hii, safu kwa safu, ndio unaotupa ujasiri wa kusema kwamba *-eh₂ ilikuwepo katika lugha mame, na si neno moja moja kama *h₁éḱweh₂ "farasi jike", ambalo Kisanskriti áśvā, Kilatini equa na Kilithuania cha kale ašva huliunga mkono, ilhali Kiyunani husema tu hē hippos kwa kubadili kibainishi. Neno kama hilo lingeweza kuundwa upya katika kila lugha kwa nafasi yake, maadamu lugha zote zilikuwa na dume la -os na kiambishi cha -ā mkononi.

Sheria ya *-ih₂ ni ngumu kidogo kwa sababu ya Kiyunani. Kisanskriti hutoa -ī, Kilithuania na Kigothi hutoa -i, lakini Kiyunani hutoa -ya yenye a fupi, na y hiyo mara nyingi huyeyuka ndani ya konsonanti iliyoitangulia. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa kuwa pherousa "mwanamke abebaye" haionekani kufanana na Kisanskriti bhárantī mpaka uandike hatua iliyo katikati, *pherontya, ambayo nayo inatokana na *bʰéront-ih₂.

Hatua ya tatu: tumia uhusika milikishi kutenga makundi

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote. Viambishi vya kike vya lugha mame havikuwa kimoja, na huwezi kuvitofautisha kwa kiima cha umoja peke yake. Uliza maswali mawili kwa kila nomino: je, kiima cha umoja kina -s mwishoni? Na je, kiambishi kinabadilika umbo unapoingia katika uhusika milikishi?

Kundi la kwanza ni la *-eh₂. Kiima hakina -s, na ā inabaki ileile kutoka uhusika mmoja hadi mwingine. Ni kundi la vivumishi vinavyoandamana na maneno ya -os, na la nomino nyingi za dhana. Kuhusu utambuzi wake hakuna la ziada. Ugumu wa kundi hili uko katika asili yake, na tutaufikia.

Kundi la pili wanaisimu huliita kwa jina la neno la Kisanskriti devī́, "mungu wa kike". Kiima hakina -s, lakini kiambishi kinapishana: katika kiima ni *-ih₂, na katika uhusika milikishi ni *-yeh₂-s. Kisanskriti kina devī́ kwa devyā́ḥ. Kigothi kina mawi "msichana" kwa maujos. Kilithuania kina nešanti "mwanamke abebaye" kwa nešančios, ambapo č imetokana na t iliyokutana na y. Kiyunani kina pherousa kwa pherousēs, a fupi ikipishana na irabu ndefu. Lugha hizi nne hazikukopeshana upishano huo, na ni vigumu kufikiri kwamba kila moja ilijitungia; hivyo upishano wenyewe, zaidi ya sauti yoyote, ni urithi.

Kundi la devī́ lilikuwa na kazi maalumu: liliunda umbo la kike la mashina yanayoishia na konsonanti au na u. Vivumishi vitokanavyo na vitenzi, kama bhárantī na pherousa, vimo humo. Vivumishi vya u vimo pia: Kisanskriti svādú- "tamu" kina svādvī́ katika jinsia ya kike, na Kiyunani hēdús kina hēdeîa. Kilatini kilifanya jambo la ajabu hapa, kwa maana kiliacha maumbo ya kiume ya vivumishi hivyo yapotee na kujenga uambishaji mpya juu ya umbo la kike, kikapata suavis, ambalo leo hutumika kwa kiume na kike bila tofauti. Ukikuta kivumishi cha Kilatini chenye -vis au -uis kama suavis na tenuis, jiulize kwanza kama si mabaki ya kundi hili.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ule wa "nono". Kiume ni pī́van- katika Kisanskriti na píōn katika Kiyunani, vyote vikiwa na n. Kike ni pī́varī na píeira, vyote vikiwa na r. Hakuna sarufi hai ya Kisanskriti wala ya Kiyunani inayoweza kueleza kwa nini n igeuke r kwa sababu tu ya kuingia katika jinsia ya kike. Maelezo yako katika lugha mame, ambako baadhi ya mashina yalipishanisha r na n, na kiambishi *-ih₂ kiliungwa kwenye shina la r. Lugha mbili zilizotenganishwa na maelfu ya maili zimekubaliana katika kituko kimoja, na kukubaliana huko kuna thamani kuliko maneno kumi ya kawaida.

Chukua sasa majina ya watendaji, kwa kuwa yanafaa sana kwa mazoezi. "Mzazi" wa kiume ni janitár- katika Kisanskriti, genétōr katika Kiyunani na genitor katika Kilatini. "Mzazi" wa kike ni jánitrī, genéteira na genetrix. Andika kila moja chini ya mwenzake, kisha ondoa vilivyoongezwa baadaye. Katika genéteira, rudisha y iliyorukia silabi ya nyuma: *genéterya. Katika genetrix, ondoa k, ambayo Kilatini kiliiongeza juu ya ī, kisha ondoa -s ya kiima. Unabaki na *ǵénh₁-t(e)r-ih₂, na irabu ya e katika kiambishi cha -ter- ikibaki kuwa suala la kujadili, kwa sababu Kiyunani kinaionyesha na Kisanskriti pamoja na Kilatini haziionyeshi. Usione aibu kuiandika ndani ya mabano.

Kundi la tatu huitwa kwa jina la vr̥kī́ḥ, "mbwa mwitu jike". Nalo lina *-ih₂, lakini kiima kina -s na kiambishi hakipishani: uhusika milikishi ni vr̥kyàḥ, si *vr̥kyā́ḥ. Kwa sikio la mwanafunzi tofauti kati ya devī́ na vr̥kī́ḥ huonekana ndogo, lakini ni tofauti ya chimbuko. Kundi la vr̥kī́ḥ lina hata maneno ya kiume, kama rathī́ḥ "mwendesha gari la vita", yaani mtu ahusikaye na rátha, gari. Hili linatuonyesha kwamba kiambishi chenyewe kilimaanisha "-enye kuhusika na" kitu fulani, na kwamba mbwa mwitu jike alikuwa hapo mwanzo "wa mbwa mwitu dume".

Kundi la nne, la *-uh₂, ni dogo na halihitaji muda mwingi. Kielelezo chake ni mavyaa, yaani mama mkwe: Kisanskriti śvaśrū́ḥ, Kilatini socrus, Kislavoni svekry, vyote kutoka *sweḱrúh₂s, sambamba na *swéḱuros "baba mkwe". Kiyunani kimelifuta na kuweka hekurá, kwa kubandika -ā kwenye neno la kiume.

Hatua ya nne: tafuta masalia ya *-sor-

Kabla hujafunga orodha, tafuta pia kiambishi ambacho kilishakufa katika lugha nyingi kabla hazijaanza kuandikwa. Kinaonekana wazi katika nambari tatu na nne. Kisanskriti kina tisráḥ na cátasraḥ kwa jinsia ya kike, Kiavesta kina tišrō, Kiayalandi cha Kale kina teoir na cetheoir, na Kiwelisi hadi leo kina tair na pedair, kinyume cha tri na pedwar kwa wanaume. Mwelisi anayesema tair merch, "wasichana watatu", anatumia kipande cha sarufi ambacho Kiyunani na Kilatini tayari vilikuwa vimekipoteza kabla ya maandishi yao ya kwanza. Wengi hukiona kipande hichohicho katika *swésōr "dada", Kilatini soror, ambalo huchanganuliwa kuwa *swe- "-a mwenyewe" pamoja na *-sōr "mwanamke".

Kihiti nacho kina kiambishi -ššara-: ḫaššu- ni mfalme na ḫaššuššara- ni malkia, išḫa- ni bwana na išḫaššara- ni bibi mwenye nyumba. Kiluvi kina nānašri- kwa "dada". Uhusiano wa maumbo haya na *-sor- unakubaliwa na wengi, ingawa wapo wanaoona kuwa Kianatolia, yaani tawi la Kihiti na Kiluvi, kilijiundia kiambishi chake kutokana na nomino iliyomaanisha "mwanamke". Katika jedwali lako kiandike kwa alama ya kuuliza, lakini kiandike.

Hatua ya tano: pima kila kitu kwa Kihiti

Kihiti hakina jinsia ya kike. Kina jinsia mbili tu, moja inayojumlisha kiume na kike, na ya kati, isiyo ya kiume wala ya kike. "Mpya" ni nēwaš katika jinsia jumla na nēwan katika jinsia ya kati, na mahali ambapo Kilatini kina nova pako wazi kabisa. Malkia wa Kihiti ana kiambishi kinachomwonyesha kuwa mwanamke, lakini kivumishi kinachomfuata hakibadiliki kwa ajili hiyo, na kwa kipimo cha hatua ya kwanza hilo halitoshi kuitwa jinsia ya kisarufi.

Kuna maelezo mawili. La kwanza ni kwamba Kianatolia kilikuwa na jinsia ya kike kikaipoteza, kama lugha kadhaa zilivyofanya baadaye. La pili ni kwamba Kianatolia kilijitenga na lugha mame kabla jinsia ya kike haijaundwa, na hivyo jinsia tatu za Kisanskriti, Kiyunani na Kilatini ni uvumbuzi wa lugha zilizobaki nyuma pamoja. Mimi naegemea upande wa pili, kama wanavyofanya wataalamu wengi wa sasa, kwa sababu lugha inayopoteza jinsia kwa kawaida huacha vumbi lake mahali fulani katika viwakilishi, na katika viwakilishi vya Kihiti vumbi hilo halionekani. Hata ndani ya Kiyunani kuna dalili za hali ya kale: vivumishi vilivyoambatana, kama rhododáktylos "mwenye vidole vya waridi", havina umbo la pekee la kike, na mungu wa kike wa alfajiri huitwa hivyo kwa -os.

Mchukulie Kitokaria kama shahidi wa upande mwingine. Kilizungumzwa mbali mashariki, katika bonde la Tarim, lakini kina jinsia ya kike, na katika tawi lake liitwalo Kitokaria B "malkia" ni lāntsa, umbo ambalo -tsa yake inatokana na t ya shina ikifuatwa na *-ih₂. Kwa hiyo *-ih₂ ya kuunda majina ya wanawake ilikuwepo kabla Kitokaria hakijaondoka, hata kama Kianatolia kilikuwa kimeshaenda.

Hatua ya sita: uliza *-h₂ ilitoka wapi

Swali hili si anasa, kwa sababu jibu lake huamua utaandika maana gani mbele ya kiambishi katika kamusi yako. Mwaka 1889 mwanaisimu Johannes Schmidt alionyesha kwamba wingi wa jinsia ya kati na umoja wa jinsia ya kike vina mwisho mmoja. *Yugóm "nira" katika wingi ni Kisanskriti yugā́, Kilatini iuga. Mwisho huo ni uleule wa áśvā na equa. Zaidi ya hayo, katika Kiyunani nomino ya wingi wa kati huchukua kitenzi cha umoja, ta zōia trekhei, kana kwamba tungesema "wanyama anakimbia", na Kihiti hufanya vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba wingi huo haukuwa wingi, bali jina la jumla: kundi la nira kama kitu kimoja.

Jina la jumla haliko mbali na jina la dhana. Kilatini opera ni "kazi nyingi" kama wingi wa opus, na pia ni "jitihada" kama nomino ya kike ya umoja. Kiyunani phugḗ na Kilatini fuga ni "kukimbia", tomḗ ni "mkato". Hakuna mwanamke yeyote ndani ya maneno haya. Hivyo *-h₂ ilianza ikiunda majumla na dhana, na wanawake waliingia baadaye. Waliingiaje? Karl Brugmann alidhani kwamba neno moja, lile la "mwanamke" lililozaa Kiyunani gunḗ, Kislavoni žena na Kiayalandi ben, lilikuwa na sauti hiyo katika shina lake kwa bahati tu, kisha watu wakalifanya kigezo. Wengine huona mlango ulikuwa kiwakilishi *seh₂, ambacho kilianza kurejelea nomino zenye *-h₂ na hatimaye kikawa kiwakilishi cha wanawake. Kwa maoni yangu dhana ya pili ni imara zaidi, kwa kuwa jinsia ni upatanisho, na upatanisho huzaliwa katika viwakilishi na vivumishi kabla ya kuifikia nomino. Lakini neno la "mwanamke" lingeweza kusaidia njiani, na hakuna ulazima wa kuchagua moja na kulitupa jingine.

Hatua ya saba: andika umbo pamoja na tabaka lake

Unapomaliza, usiandike umbo lenye kinyota peke yake. Liwekee tabaka: ni la kabla ya Kianatolia kujitenga, ni la baada ya hapo, au ni la lugha moja tu. Mbwa mwitu jike atakuonyesha namna ya kufanya hivyo.

Kusanya kwanza maneno yote. Kilatini kina lupa, Kiyunani kina lúkaina, Kilithuania kina vilkė, Kirusi kina volčica, Kisanskriti kina vr̥kī́ḥ, na Kinorsi cha Kale, lugha ya kale ya Skandinavia, kina ylgr. Lupa ni lupus iliyobandikwa -a. Lúkaina ina -aina, kiambishi ambacho Kiyunani kilikitumia kwa majike wengi, akiwemo léaina "simba jike", na ambacho kilitokana na mashina ya n yaliyounganishwa na *-ih₂. Vilkė na volčica zina viambishi ambavyo Kilithuania na Kislavoni huvitumia kila siku kuunda majina ya majike. Haya manne yapeleke tabaka la lugha moja moja.

Yanabaki mawili. Katika Rigveda, mkusanyo wa kale wa tenzi za Kisanskriti, mbwa mwitu jike anatokea katika kisa cha kijana R̥jrāśva, aliyemchinjia kondoo dume mia moja na kupofushwa na baba yake kwa ajili hiyo. Utenzi humtaja jike kwa umbo la uhusika wa kupewa, vr̥kyè, na katika wimbo unaofuata jike huyo anawaita Aśvin, miungu pacha, kwa niaba ya kijana, naye anatajwa kwa kiima, vr̥kī́ḥ, chenye -s. Tazama mkazo: dume ni vŕ̥kaḥ, mkazo ukiwa kwenye mzizi, na jike ni vr̥kī́ḥ, mkazo ukiwa kwenye kiambishi. Kisha geukia Kinorsi. Ylgr ina -r ya kiima, ambayo inatokana na -s ileile. Irabu y imetokana na u iliyovutwa na ī iliyokuwa nyuma yake. Na g yake ni ushahidi wa kanuni ya Karl Verner, Mdenishi aliyegundua katika miaka ya 1870 kwamba baadhi ya konsonanti za Kijerumaniki Mame, lugha iliyozaa Kigothi na Kinorsi, ziligeuka kuwa ghuna (zenye mtetemo wa koo) pale ambapo mkazo wa lugha mame haukuwa kwenye silabi iliyotangulia. Dume wa Kinorsi ni úlfr, hana g. Jike anayo, kwa sababu mkazo wake ulikuwa mwishoni, mahali palepale unapousikia katika Rigveda.

Andika basi *wl̥kʷíh₂s, kundi la vr̥kī́ḥ, mkazo kwenye kiambishi, mashahidi Kisanskriti na Kinorsi cha Kale, tabaka la baada ya Kianatolia. Na mbele ya maana usiweke "jike" pekee, bali "ahusikaye na mbwa mwitu dume, hivyo jike lake".